Uliza Tarehe Kabla ya Nauli

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Njiro, Arusha. Mwanawe yuko North Carolina, Marekani. Viza ameshapata, anakwenda na wajukuu wawili. Aliandika hivi: "Mwalimu, habari za Moshi. Niliona picha zako za ile barabara ya matofali ya njano, kwenye ile bustani ya Land of Oz. Hawa watoto hawalali. Tunaondoka mwezi wa sita, naomba unielekeze tunafikaje pale."

Mwezi wa sita! Nikawasha taa, nikamwamsha baba watoto nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa anamcheka mama wa watu, alikuwa ananicheka mimi, maana mwezi wa sita ndio niliokwenda na mimi, mwaka 2019, nikarudi Moshi na picha moja tu ya pale: mwanangu amesimama mbele ya geti lililofungwa, ameshika kifurushi cha khanga kifuani. Ndani ya khanga kuna viatu. Habari ya viatu nitaifikia.

Nimeona nisimjibu yeye peke yake. Kila mzazi anayesoma hapa anatamani siku moja kumshika mtoto mkono na kumpeleka mahali alipopaona kwenye kitabu. Usiniambie wewe hutamani, tumejuana siku nyingi.

Mahali penyewe ndiyo hiyo Land of Oz. Pako juu mlimani, kwenye mji mdogo wa Beech Mountain, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ni juu kuliko Arusha mjini, chini kidogo ya geti la Marangu. Bustani yote imejengwa kufuata hadithi moja, ile aliyoitoa mwandishi L. Frank Baum mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, ya msichana Dorothy wa Kansas aliyebebwa na kimbunga pamoja na nyumba yao, akatupwa nchi ya ajabu, akaambiwa afuate barabara ya matofali ya njano mpaka kwa mchawi mkuu. Njiani akaokota wenzake watatu: sanamu la kutishia ndege shambani, mtu wa bati, na simba mwoga. Wengi mnaijua kwa filamu ya 1939. Mimi niliijulia Soko la Memorial.

Ndiyo, Memorial yetu hii ya mitumba. Nilikuwa natafuta mashuka ya watoto wangu wa chekechea, nikakuta mama mmoja anafungia vitumbua kurasa za kitabu chenye picha. Nilimpa elfu moja akanipa kilichobaki. Jalada lilikuwepo, katikati kulikuwepo, kurasa za mwisho zilikuwa zimeshakwenda na vitumbua. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Kila usiku nilimsomea kwa kutafsiri palepale, na kila usiku tukifika pale kitabu kilipokatikia aliuliza, "Sasa Dorothy alirudije kwao?" Mimi mwisho wake sikuujua, na mwalimu wa chekechea hakubali kusema hajui. Nikamwambia Dorothy alipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, akashuka Himo, shangazi yake akamsubiri na bodaboda. Aliridhika. Usiku wa pili akauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi.

Basi, mdogo wangu anaishi Charlotte. Siku moja katika kupiga stori kwenye simu akaniambia huko kwao kuna mlima una barabara hiyohiyo, ya matofali kweli, unaitembea kwa miguu. Sikulala. Miaka miwili kwenye kikoba sikukopa hata senti. Niliuza mbuzi. Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar kwenye usaili wa viza, ada dola 160 kwa kila kichwa, mtoto naye ni kichwa. Ukinyimwa hairudi. Tukapata.

Katika maswali yote niliyouliza kwa miaka miwili hiyo (nauli, bima, baridi, chakula cha mtoto kwenye ndege), sikuuliza kama hapo mahali panafunguliwa. Nani anauliza hivyo? Kwa akili yangu kitu cha watalii ni kama mlima wenyewe, ukiufuata unaukuta.

Shemeji yangu ndiye aliyetuendesha. Ilikuwa Jumanne, siku yake ya mapumziko. Mdogo wangu alisema, "Tupige simu kwanza." Shemeji akasema, na maneno haya sitayasahau, "Hapa siyo Bongo, hapa kila kitu kiko wazi." Saa mbili na zaidi barabarani, mwisho kona tupu, kama unapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Tulipofika juu palikuwa na ukungu na kimya. Geti, mnyororo, miti. Mwanangu alikataa kuvaa vile viatu garini ili visichafuke kabla ya kukanyaga njano. Akashuka navyo kwenye khanga. Akalitazama geti. Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. Aliniuliza, "Mama, Dorothy amesafiri?"

Shemeji akapiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Krismasi ile nyumbani Kibosho nilikuta nimeshapewa jina: Mama Geti. Mjomba wangu, mtu mzima na mvi zake, alinikaribisha mbege kwa jina hilo. Nilicheka nao. Usiku nikiosha vyombo nilisema peke yangu, haya, cheka tu.

Ukweli nilikuja kuujua kwa kusoma, tena baada ya kurudi, yaani kwa kuchelewa. Bustani ile ilifunguliwa tarehe 15 Juni 1970. Mwenye wazo alikuwa Grover Robbins. Mlima ule ulikuwa na watu wa kuja kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi, ila kiangazi kikifika wafanyakazi hawana la kufanya, ndipo akataka kitu cha kuwapa kazi. Siku ya ufunguzi hakuiona, saratani ilimchukua miezi michache kabla. Utepe ulikatwa na mcheza filamu Debbie Reynolds, akiwa na binti yake Carrie Fisher, ambaye naye alikuja kuwa maarufu kuliko wengi waliokuwa pale. Miaka ya kwanza watu walifurika. Halafu mwishoni mwa 1975 moto ukateketeza Jiji la Zumaridi, lile la kijani ambako barabara inaishia, na baadhi ya vitu vya ile filamu vilivyokuwa vimehifadhiwa vikapotea. Mwaka 1980 wakafunga kabisa.

Msitu ukaanza kuichukua. Watu wakawa wanaruka uzio na kung'oa matofali, wanayabeba kwa ukumbusho. Matofali yenyewe yanasemwa yalikuwa 44,000. Nikisoma hapo nilifikiria vyuma vyetu vya madaraja vinavyoishia kwenye chuma chakavu. Kumbe binadamu ni mmoja. Kilichoiokoa ni wafanyakazi wa zamani. Miaka ya tisini walianza kurudi kukutana, kukumbukana, na mkutano wao ukageuka kuwa siku ya wageni. Siku zikawa wikendi. Sasa hivi sherehe kubwa ni wikendi chache za mwezi wa Septemba, basi. Kiangazi huwa kuna ziara za kuongozwa kwa tarehe maalumu, lakini si geti la kufika tu na kugonga hodi.

Na sisi watu wa Kilimanjaro tungetakiwa kuelewa hili kuliko mtu yeyote duniani! Nenda Rombo au Kibosho mwezi wa tano uangalie yale majumba. Ghorofa, vigae, kufuli, mlinzi mmoja mzee na mbwa. Mgeni akipita atasema hapa pamekufa. Sasa njoo tarehe 24 Desemba. Magari mpaka kwenye migomba, ndafu, mbege, watoto wa Dar wanauliza choo kiko wapi. Nyumba ni ileile. Ukija Mei ukalalamika umekuta pamefungwa, nani ana makosa? Mimi niliyezaliwa kihambani nilikwenda kugonga Mei kwenye nyumba ya Desemba.

Nilijiapiza nitarudi. Korona ikaja, ikakaa. Chekechea ikafungwa, ikafunguliwa, wazazi wakawa wanalipa ada kwa mafungu, mengine kwa ndizi. Miaka hiyo naiacha.

Mwaka 2023 ndio nilifanya kama mtu aliyeumwa na nyoka. Nilianza na tarehe. Nilimwambia mdogo wangu asiniambie habari ya nauli mpaka aniletee tarehe za Septemba kutoka kwa wenye bustani wenyewe, siyo kwa rafiki, siyo kwa mtu aliyewahi kwenda. Akaleta. Nikamwambia anunue tiketi, maana zinauzwa mapema mtandaoni na zinaisha, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Tiketi ya bustani nilikuwa nayo kwenye simu kabla ya tiketi ya ndege, na nilijua kabisa kuwa viza ikigoma hiyo hela imekwenda. Watu walinishangaa. Ada ya viza nayo ilikuwa imepanda, dola 185. Nikamwombea binti ruhusa shuleni, mwalimu mkuu akaniuliza sababu, nikasema ni ya kifamilia. Siyo uongo.

KIA, Addis Ababa, Washington, Charlotte. Safari hii shemeji alikaa kimya kwenye usukani. Nilifurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Sasa viatu. Kwenye filamu Dorothy amevaa viatu vyekundu, na ndivyo dunia inavyovijua. Kwenye kitabu ni vya fedha. Sisi tulikuwa watu wa kitabu, hata kama ni nusu kitabu. Mwaka 2019 nilichukua raba zake nikampelekea fundi mageti wa Majengo akazipulizia rangi ya silva, ileile ya mageti. Hizo ndizo zilizosafiri kwenye khanga na kurudi bila kukanyaga kitu. Mwaka 2023 binti alikuwa na miaka kumi na moja, mguu umeshanipita. Nikampelekea fundi raba nyingine. Binti alipoziona alisema, "Mama, mimi mkubwa sasa." Nikamjibu kwa hasira kwamba dola zote zile hazikulipwa kwa ajili ya mtu mkubwa. Najuta kidogo. Alizivaa ili kuninyamazisha.

Juu mlimani siku hiyo kulikuwa na watu kama sokoni, wengi wamevaa mavazi ya hadithi, bibi vizee wamevaa nguo za Dorothy, baba mzima kajifunga mabati. Ukungu uleule, ila sasa una sauti za watu ndani yake. Kila mtoto wa kike ana viatu vyekundu vinavyometa. Wangu ana raba za rangi ya mageti. Kasichana kamoja kakamwambia kwamba amekosea rangi. Nilimwona binti akivuta miguu ndani kama kobe. Mara bibi mmoja mzungu aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni akageuka, akaangalia zile raba, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye pekee hapa aliyesoma kitabu."

Jamani. Kama ningekufa dakika ile ningezikwa nikiwa natabasamu. Binti alitoa miguu nje na hakuirudisha ndani tena siku nzima, ingawa kwa umande ule rangi ilianza kubanduka, na nadhani mpaka leo kuna vipande vya silva ya Moshi kwenye matofali ya pale.

Kitu kimoja nitakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenieleza. Ni nyumba. Unaingia nyumba ya shamba ya Kansas, safi, vyombo mezani, kitanda kimetandikwa. Unashushwa chini kwenye handaki la nyumba, giza, upepo unavuma, kimbunga kinapita juu yenu. Binti akaninong'oneza, "Kama mapango ya Marangu," na kweli, ni hofu ileile ya kujibanza ardhini wazee walivyojificha vita ya Wamasai isipite nao. Halafu unatokea upande wa pili, na uko kwenye nyumba ileile. Meza ileile, kitanda kilekile, ila kila kitu kimelala upande, sakafu imeinama, vyombo vimetawanyika, na ukifungua mlango nje kuna matofali ya njano. Walijenga nyumba mbili! Hakuna mashine, hakuna kompyuta, ni fundi tu na akili, tangu 1970. Aliyesanifu alikuwa Jack Pentes wa Charlotte, na mimi kama mtu wa kuchezesha watoto kwa maboksi na vifuniko vya soda nilimpigia saluti.

Baada ya hapo unatembea. Barabara inapinda msituni, miti ina sura za watu wenye hasira, unakutana na mtu wa bati, na simba, na mchawi. Hakuna bembea za kisasa wala treni za kupiga kelele. Mtoto aliyezoea simu atakuuliza "ndiyo hiyo tu?" ukiwa humjaandaa. Kwa hiyo msomee. Ukishamsomea, msomee tena. Watu wananiandikia wanauliza wapakie nini kwenye begi, nawaambia sweta na hadithi. Sweta, kwa sababu Septemba juu kule ni Kibosho ya Julai. Na viatu visivyoteleza, matofali yenye ukungu ni sabuni. Shemeji alikaa chini mara moja, na sikupiga picha. Ningeweza.

Mama wa Njiro, ninachokuambia ni hiki: tarehe. Sisi wa huku tunapenda kupanga safari kwa likizo ya shule, kwa mkopo wa kikoba, kwa mtu aliyejitolea kutupokea. Tunamuuliza kila mtu isipokuwa mwenye geti. Halafu tukikuta kufuli tunasema bahati mbaya. Bahati gani? Hata benki tunakwenda saa tisa na nusu tukikimbia. Tunapeleka posa bila kuuliza kama baba wa binti yupo. Na watoto wanatuangalia, wanajifunza kwamba mama akisema "tutafika tu" maana yake hajauliza. Mimi mwanangu alijifunza hilo akiwa na miaka saba mbele ya mnyororo, na nimeshindwa kulifuta. Kitu kinachofunguliwa siku chache hakikusubiri wewe, na mtoto naye hakusubiri. Nilimkosa wa miaka saba. Niliyempeleka ni wa kumi na moja, mtu tofauti, mwenye aibu zake.

Huyo wa kumi na moja, jioni ile tukishuka kona, alikuwa amelaza kichwa begani kwangu, raba mikononi. Nikadhani amelala. Akasema, "Mama, najua hakupanda basi." Kumbe mama yake mdogo alimpa kitabu kizima tangu 2019, safari ile ya geti, akakisoma polepole mpaka akakimaliza akiwa darasa la tatu. Viatu vya fedha ndivyo vilivyomrudisha Dorothy kwao, alivigonganisha tu visigino. Miaka yote hiyo mimi naendelea kusimulia basi la Himo kwa watoto wa chekechea mbele yake, na yeye ananyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalipenda sana hilo basi."

Shemeji alicheka. Nilimwacha acheke.

Tarehe za mwaka huu nimekutumia, mama, pamoja na namba ya mdogo wangu, atakusaidia kununua tiketi. Tiketi ya ndege usinunue bado. Mwambie mwanao aombe likizo Septemba. Na wajukuu wakikataa viatu vya silva waache wavae vyekundu, fundi wangu kapandisha bei.